Jaduong', Hii ni Kufomati Tu

Maandishi yalikuwa meupe juu ya skrini nyeusi, tena ya Kiingereza. Yalisema Windows imeshindwa kuwaka kwa sababu kuna faili ambalo halipo au limeharibika, kisha yakataja jina lake, refu kama anwani ya posta: \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM. Nilikuwa darasa la saba, nyumbani Sori, na usiku uliotangulia stima ilikuwa imepotea na kurudi mara tatu. Baba alisoma yale maandishi mara mbili, akavaa koti, akaenda kumwita fundi.

Fundi alikuwa kijana mpole mwenye mfuko uliojaa CD. Aliwasha, akazima, akawasha tena, akasoma. "Jaduong'," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeleta habari za msiba, "hii ni kufomati tu."

Baba akauliza kama vitu vya ndani vitabaki. Fundi akasema atajaribu. Jioni kompyuta ilikuwa inawaka vizuri kabisa, kile kilima cha kijani cha Windows XP kikiwa kimerudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Daftari la mashua ambalo Baba alikuwa akiwatunzia wavuvi wa ufuo wetu halikuwepo. Picha za Dana, nyanya yangu, ambazo binamu alizipiga kwa kamera ya kuazima miezi miwili kabla hajafariki, hazikuwepo. Hatukuwa na nyingine.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndivyo ilivyo: kompyuta ikifa, vyote vilivyomo vinakufa nayo. Nilikuja kujua ukweli nikiwa chuo, nikisoma mambo mengine kabisa. Faili lililoharibika lilikuwa moja, na lilikuwa na nakala ndani ya diski ileile. Nakala yenyewe ilikuwa pale wakati fundi anaweka CD yake. Nikaanza kujiuliza: nani aliiweka, tangu lini, na kwa nini hakuna mtu yeyote Sori aliyejua ipo?

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Katika kompyuta za DOS za miaka ya 1980, mipangilio ya mashine ilikaa kwenye mafaili mawili ya maandishi ya kawaida, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT. Ungeweza kuyafungua, ukayasoma, ukayanakili kwenye disketi na kuiweka kabatini. Windows ilipokuja mwaka 1985 ilileta mafaili yake ya aina hiyohiyo, maarufu likiwa WIN.INI. Kila programu mpya ilijiandika humo, na baada ya muda faili lilikuwa limejaa kama daftari la mkopo la duka la kijijini. Likifika kilobaiti 64, basi, Windows ya enzi zile haikuweza kulisoma zaidi.

Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ikatoa Windows 95, na mipangilio ikahamishiwa kwenye hazina moja kubwa inayoitwa Registry. Nitaiita rejista, kwa sababu ndivyo ilivyo: kitabu kimoja ambamo kila printa, kila programu, kila rangi ya skrini na kila jina la mtumiaji limeandikwa. Rejista haikuwa maandishi ya kusomeka tena. Ilikuwa mafaili mawili yaliyofichwa, SYSTEM.DAT na USER.DAT, na ukiyapoteza mashine haijui hata ina kibodi ya aina gani.

Waliotengeneza walijua hatari yake. Kwa hiyo kila mara Windows 95 ilipofanikiwa kuwaka, ilinakili yale mafaili mawili na kuyaita SYSTEM.DA0 na USER.DA0. Siku rejista ikiharibika, unayo ya jana. Wazo zuri, isipokuwa lilikuwa na tundu. Kama kosa lako halikuzuia mashine kuwaka, ukawasha mara moja tu na kosa likiwemo, nakala nzuri inafutwa na kosa linakaa mahali pake. Kulikuwa na nakala nyingine, SYSTEM.1ST, iliyohifadhi hali ya siku ile Windows iliposakinishwa, kabla hujaweka chochote chako. Kurudi huko ni kama kurudishwa chekechea.

Windows 98 ilirekebisha tundu hilo kwa njia ninayoipenda zaidi ya zote zilizofuata. Mara moja kwa siku ilikagua rejista, na ikiwa nzima iliifunga kwenye faili dogo, pamoja na WIN.INI na SYSTEM.INI, ikaiweka kwenye folda iitwayo SYSBCKUP. Ilitunza tano. Ya sita ikija, ya zamani kabisa inaondoka. Mashine ikigoma, unaingia DOS, unaandika scanreg /restore, unaonyeshwa orodha yenye tarehe, unachagua siku. Hakuna CD, hakuna intaneti. Mtoto wa darasa la saba angeweza.

Kisha ikaja Windows Me, Septemba 2000, ambayo waliowahi kuitumia huizungumzia kama watu wanavyozungumzia ndoa ya kwanza. Lakini ndiyo iliyoleta System Restore, yaani uwezo wa kuirudisha rejista pamoja na mafaili ya mfumo hadi siku uliyochagua, kwa kubofya tu. Kilichofuata nisingekiamini kama Microsoft wenyewe hawakukiandika: alama za kurudia zilizotengenezwa baada ya tarehe 8 Septemba 2001 hazikuweza kurudisha kitu, mpaka uweke kiraka cha kurekebisha. Mashine ilitunza nakala kwa uaminifu, ikakuonyesha kalenda, ukachagua siku, na mwisho wa yote ikakwambia imeshindwa.

XP ilitoka Oktoba 2001 na kurithi System Restore ikiwa imekomaa. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye meza yetu Sori. Kila baada ya saa 24 ilijitengenezea alama ya kurudia. Ilijitengea hadi asilimia 12 ya diski na kutunza alama kwa siku 90. Zaidi ya hapo, kila XP ilikuwa na folda ndani ya Windows iitwayo repair, na humo kulikuwa na nakala za mafaili matano ya rejista kama yalivyokuwa siku ya usakinishaji. Microsoft walichapisha maelekezo kwa ajili ya ujumbe uleule tuliouona sisi, na njia yao ni hii: ingia kwa CD ya XP, chagua Recovery Console, nakili yale matano kutoka repair uyaweke kwenye config, washa. Baada ya hapo unachukua rejista ya juzi kutoka kwenye alama za System Restore na kuiweka mahali pa hiyo ya kwanza. Ni kazi ya kuchosha yenye amri nyingi za kuandika. Lakini mwisho wake daftari la mashua liko palepale, na Dana pia, kwa sababu njia hiyo haigusi picha wala nyaraka zako hata moja.

Sasa rudi Sori. Mji wetu uko ufuoni mwa ghuba ya Karungu, pale Migori inapopakana na Homa Bay. Asubuhi omena wanaanikwa, mchana jua linawaka kweli, na mambo mengi yanafika baada ya kupita mikono kadhaa. Kompyuta yetu ilikuwa ile tunayoiita ex-UK. Ilifanya kazi kwenye ofisi fulani Uingereza hadi ikachokwa, ikapakiwa kontena, ikashushwa Mombasa, ikauzwa Nairobi, ikapanda basi ikiwa imefungwa blanketi. Kwenye kasha lake kulikuwa na kibandiko cha leseni kilichofutika nusu. CD yake ilibaki Uingereza, kitabu cha maelezo pia. Tulipata mashine, lakini maarifa ya mashine hayakupanda kontena lile.

Na System Restore ilitaka vitu vitatu ambavyo mashine ya namna hiyo ilikuwa navyo kwa shida. Cha kwanza ni nafasi. Nafasi iliyobaki kwenye diski ikishuka chini ya megabaiti 50, XP ilisimamisha System Restore na kufuta alama zote. Sisi tulikuwa na sinema za Nigeria na nyimbo za ohangla mpaka diski inakohoa. Sijui kama alama zetu zilikuwepo siku ile. Folda ya repair ndiyo ilikuwepo, hiyo haikutegemea nafasi.

Cha pili ni stima inayotulia. Rejista inaandikwa wakati wote, hata ukiwa umekaa tu unaangalia skrini. Stima ikikatika katikati ya sentensi, sentensi inabaki nusu. Windows ilikuwa na faili la pembeni la kuandikia mabadiliko ili imalizie ikiwaka tena, na mara nyingi lilisaidia, lakini diski iliyochoka na stima inayorudi kwa kishindo haviheshimu mpango wa mtu. Mkenya yeyote anayesoma haya hahitaji kuelezwa. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima iliingia gizani kwa sababu nyani alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaguswa. Hizo ndizo zilizoandikwa magazetini. Zetu za kila wiki hazikuandikwa popote isipokuwa kwenye rejista za kompyuta, nusunusu.

Cha tatu ni kutokuwa na vairasi, na hapa historia inachekesha kidogo kama haikukupata wewe. Aliyezoea saiba za kati ya 2005 na 2010 anakumbuka flashi zilivyokuwa zikibeba balaa kutoka mashine hadi mashine. Kulikuwa na Brontok, iliyotokea Indonesia mwaka 2005, ambayo ilifunga kabisa programu ya kuhariri rejista ili usiweze kuing'oa. Sasa, System Restore ilinakili mafaili ya mfumo bila kujua lipi jema na lipi limeambukizwa, na ikayahifadhi kwenye folda ambayo antivairasi haikuruhusiwa kubadilisha kitu. Unasafisha mashine, unarudi nyuma siku mbili, vairasi anakukaribisha. Basi kampuni za antivairasi zikaandika kwenye maelekezo yao: kabla ya kusafisha, zima System Restore. Ukiizima, alama zote zinafutika. Ilitakiwa uiwashe tena ukimaliza. Niambie nani aliiwasha.

Mafundi walijifunza sehemu ya kwanza ya maelekezo yale, nayo ikawa desturi. Mashine mpya ikifika, kitu cha kwanza ni kuzima System Restore, "inakula nafasi na inaficha vairasi". Yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yule kijana wetu kama nilivyomlaumu zamani. Fikiria hesabu yake. Kufomati kunachukua muda unaojulikana, kuna bei inayojulikana, na kunafanikiwa karibu kila mara. Kurejesha rejista kunaweza kuchukua dakika ishirini au siku nzima, na ukishindwa bado utafomati, na mteja atalipa bei ileile. Mtu anayelishwa na kazi atachagua lipi? Na amri zenyewe angezisomea wapi, kwa intaneti ya kulipia kwa dakika?

Tazama hata lugha. Kufomati kuliingia kwenye Kiswahili chetu na kupewa viambishi vyote: nimefomati, imefomatiwa, nifomatie. Nimewahi kumsikia msee kwenye matatu akimshauri rafiki aliyeachwa na demu wake ajifomati aanze upya. Lakini kurestore? Sijawahi kusikia hata fundi mmoja akilitamka kama neno lake. Tulipata kitenzi cha kufuta, cha kurudisha hakikufika.

Kilichofika, tena kwa nguvu, ni kurudisha kwa aina nyingine kabisa. Wenye saiba walichoka kufomati kila Jumatatu, wakaweka Deep Freeze, programu ya kampuni ya Kanada iitwayo Faronics. Hii inagandisha diski nzima katika hali moja. Fanya utakalo, weka vairasi, badilisha picha ya skrini iwe ya Arsenal. Mashine ikizimwa na kuwashwa inarudi kuwa kama ilivyogandishwa. Microsoft nao walikuwa na yao ya bure, SteadyState, waliyoiacha mwishoni mwa 2010. Kwa mwenye saiba ilikuwa ukombozi. Kwa mteja ambaye ameandika barua ya kuomba kazi kwa saa nzima na kuihifadhi kwenye desktopu, stima ikipotea sekunde tano, barua haipo, wala alama yake. Nimeona msichana akilia namna hiyo, fomu ya HELB mkononi. Mwenye saiba alimpa nusu saa ya bure, na sikumwona kama mtu mbaya. Mashine yake ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa, ila ilitunza mipangilio ya mwenyewe na kuwasahau wengine wote.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho historia hii yote inakificha kwa jina lake. Tangu SYSTEM.DA0, kila nakala hizi zilikuwa za mashine kwa ajili ya mashine. Nakala ya rejista haina picha ya mtu hata moja. Faida yake kwetu ilikuwa ya mzunguko: ikifanya kazi, hakuna atakayekuja na CD kufuta vile vingine. Baba hakuhitaji mipangilio. Alihitaji mtu asiguse diski yake, na mipangilio ndiyo ilikuwa mlango wa kuigusa.

Ungedhani mambo yangekuwa bora siku hizi. Windows Vista, na 7 baada yake, ziliboresha namna alama zinavyotunzwa. Windows 10 iliendelea na folda ya nakala za rejista iitwayo RegBack, iliyojijaza yenyewe kimyakimya. Kisha mwaka 2018, kuanzia toleo la 1803, Microsoft wakaacha kuijaza. Mafaili yapo kwenye folda, majina yako sahihi, ukubwa ni sufuri. Kazi inayotakiwa kuyajaza bado iko kwenye ratiba ya mashine, na ikikimbia inaripoti kwamba imefanikiwa. Microsoft walieleza kwamba ni makusudi, kupunguza nafasi ambayo Windows inachukua kwenye diski. Asilimia 12 ya XP iliwahi kuwa ubadhirifu. Sasa hata megabaiti mia moja na kitu zimekuwa mzigo, kwa sababu ya laptopu za bei nafuu zenye diski za gigabaiti 32. Laptopu za watu kama sisi, kwa hiyo. Na System Restore yenyewe mara nyingi unaikuta imezimwa kwenye mashine mpya, bila fundi yeyote kuhusika.

Wanashauri utumie alama ya System Restore. Kama haipo, unaweza kuirudisha Windows yote upya kwa intaneti. Ni gigabaiti kadhaa. Hesabu bando.

Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa, na ex-UK nyingi haziwezi kupokea 11 kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Zitaendelea kufanya kazi. XP ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, na nimeiona ikichapisha risiti baada ya hapo bila wasiwasi.

Mwaka jana nilienda nyumbani na kukaa na laptopu ya Baba jioni moja. Niliwasha System Restore nikaipa asilimia tano. Nikafungua rejista, nikaenda hadi Configuration Manager, nikaandika EnablePeriodicBackup nikaipa thamani ya moja, ili RegBack ijazwe kama zamani. Baba alikuwa amekaa kando akichambua mboga za kuku, sijui alikuwa anafuata au la. Baada ya siku kadhaa nilifungua folda. Sufuri zilikuwa zimeondoka. SOFTWARE peke yake ilikuwa na makumi ya megabaiti.

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba sasa stima ikiharibu kitu, hatutahitaji mtu wa kufomati.

"Na picha ziko hapo ndani?" akauliza.

"Hapana, Baba. Hapo ni mashine tu. Picha ziko kwa flashi mbili, moja kwako, moja kwangu."

Akanyoosha mkono. Nikampa yake, akaitumbukiza kwenye ule mfuko wa shati anaotunzia kitambulisho.